Kompyuta za Kerugoya Zisingoje Ruhusa ya California

Kuna wazo limekaa vichwani mwa watu wa kompyuta nchini Kenya kwa muda mrefu hivi kwamba hakuna anayelihoji tena. Wanasema makumbusho ya kompyuta, popote yatakapojengwa, sharti yaanze na mashine zile zile: Altair 8800 ya mwaka 1975, Apple II ya 1977, IBM PC ya Agosti 1981, kisha Macintosh ya 1984. Yakizikosa, yataitwa stoo ya vyuma chakavu. Nimelisikia kwa walimu wa kompyuta, nimelisikia kwa wahandisi wanaopanda kutoka Nairobi wakati wa Krismasi, na hata kwa watu wanaoipenda historia ya eneo hili kwa dhati. Ninalipinga. Ninalipinga kwa ajili ya Kerugoya hasa, na kwa miji yote inayouzunguka Mlima Kenya, kutoka Nyeri na Karatina hadi Kutus na Embu, kwa sababu wazo hili likiendelea kutawala, mashine zilizofanya kazi hapa zitauzwa kwa kilo kabla hatujatambua thamani yake.

Sina ugomvi na mashine za Marekani zenyewe. Altair ilitokea kwenye jalada la jarida la Popular Electronics, toleo la Januari 1975. Katika hali yake ya kawaida ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 256 tu, haikuwa na skrini wala kibodi, na mwenye nayo aliiamuru kwa kupandisha na kushusha swichi zilizopangwa mbele. Bill Gates na Paul Allen walianza biashara yao kwa kuiandikia lugha ya BASIC. Anayetaka kujua jinsi vijana wa Marekani walivyoitoa kompyuta mikononi mwa makampuni makubwa, aanzie hapo. Makumbusho ya Historia ya Kompyuta ya Mountain View, California, yanaionyesha, na yanastahili kuionyesha, maana historia hiyo ilitendeka kwao. Lakini mashine hiyo haikuhesabu kilo hata moja ya kahawa ya Inoi wala ya Baragwi. Kuisafirisha mpaka Kerugoya na kuiweka mlangoni ni kumwambia mtoto wa hapa kwamba mambo ya maana yalikwisha kutendeka kwingine kabla ya wazazi wake kuamka.

Wenye wazo hilo husema kwamba sisi ni wateja tu. Hatukuvumbua kitu, kwa hiyo hatuna historia ya kompyuta, tuna historia ya kununua kompyuta. Hiyo ndiyo hoja yao kubwa, na ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote.

Nenda Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Waliokusanya vitu vile hawakwenda Uingereza kuitafuta injini ya Rocket ya Stephenson ya 1829. Walizichukua injini zilizokuwa zikichakaa mbele ya macho yao. Ipo Garratt namba 5918, iitwayo Mount Gelai, moja kati ya 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 ili zivute mizigo mizito kwenye njia ya kutoka Mombasa. Lipo behewa ambalo ndani yake afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alinyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900. Injini na mabehewa hayo yalitoka ng'ambo. Sijasikia mgeni hata mmoja akisema kwamba kwa kuwa chuma kilifuliwa Manchester, basi hiyo si historia ya Kenya. Inakuwa yetu kwa jasho la waliochochea moto, kwa mizigo iliyobebwa, kwa mashamba yaliyokatwa na reli na kwa maisha yaliyopotea. Kwa nini basi kompyuta ihukumiwe kwa kanuni nyingine?

Mwanahistoria Mwingereza David Edgerton aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 2006, The Shock of the Old. Hoja yake ni kwamba historia ya teknolojia imelewa uvumbuzi na kusahau matumizi, ilhali watu wengi duniani huishi na teknolojia wanazozitumia, wanazozirekebisha na kuzitunza miaka mingi baada ya mvumbuzi kuhamia jambo jingine. Hoja hiyo ilipaswa kuandikwa na mtu wa huku kwetu, ambako lori la miaka 40 bado linapanda kilima likiwa na magunia.

Basi tuseme ni mashine zipi, maana ugomvi bila majina ya vitu ni kelele.

Kaunti yetu ya Kirinyaga ni ya kahawa, chai na mpunga. Mkulima wa kahawa hupeleka matunda yake kwenye kiwanda cha chama cha ushirika, yanapimwa, kilo zinaandikwa kwenye namba yake ya uanachama, na malipo huja miezi mingi baadaye, yakiwa yamekatwa mbolea, dawa na mikopo. Chama kimoja kinaweza kuwa na maelfu ya wanachama, na kila mwanachama ana kilo za siku nyingi tofauti. Kabla ya kompyuta, kazi hiyo ilikuwa ya karani mwenye daftari refu na mashine ya kujumlisha. Kisha ikaja kompyuta ya mezani, mara nyingi isiyo na jina, ile tuliyoiita klonu, imeunganishwa na printa ya doti iliyolia hadi nje ya ofisi. Printa hiyo ilipendwa kwa sababu ya kiufundi: vipini vyake hugonga karatasi, kwa hiyo nakala tatu zenye kaboni katikati hutoka kwa mpigo mmoja, moja ya mkulima, moja ya chama, moja ya benki. Printa ya wino ya bei kubwa zaidi haiwezi kufanya hivyo hata leo.

Na hapo ndipo historia inapokolea. Mkulima aliyekuwa akibishana na karani juu ya daftari sasa alikabidhiwa karatasi iliyochapwa. Karatasi iliyochapwa ni vigumu kubishana nayo. Kosa lililoingizwa na mtu lilitoka limevaa sare ya mashine, na mzee akaambiwa, "Ni kompyuta imesema." Kwa upande mwingine, mkulima huyo huyo aliweza kwa mara ya kwanza kuweka karatasi mbili za misimu miwili pamoja, akalinganisha, akauliza kwenye mkutano mkuu zile pesa zilienda wapi. Nani alipata nguvu na nani alipungukiwa? Hilo ni swali ambalo makumbusho ya Kerugoya peke yake yanaweza kuliweka mezani, yakiwa na klonu hiyo, printa hiyo, na bunda la karatasi zenye matundu pembeni. Makumbusho ya California hayawezi, hata yakipewa pesa zote za dunia.

Sogea mjini. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na zile ofisi ndogo za kupiga chapa, chumba kimoja, kaunta ya mbao, benchi la wateja. Mashine ya taipu ilianza kusogezwa pembeni na kompyuta ikakaa mahali pake, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono kama kile cha redio na kochi za nyumbani. Programu ya WordPerfect 5.1 ilifunguka kwa skrini ya buluu tupu, bila menyu inayoonekana ya kukuongoza wala picha ya kubonyeza. Mpiga chapa alipaswa kuzijua funguo kichwani: Shift na F7 kwa kuchapisha, F10 kwa kuhifadhi, F7 kwa kutoka. Juu ya kibodi kulikuwa na ukanda wa plastiki au karatasi ulioandikwa kazi za funguo hizo, na aliyeuhitaji alijulikana kuwa mgeni. Wengi wa wapiga chapa hao walikuwa wanawake vijana waliomaliza kidato cha nne, wakalipiwa karo ya "pakeji", yaani MS-DOS, WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase, katika vyuo vilivyokaa ghorofani juu ya maduka. Cheti cha pakeji kiliwekwa kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha mtihani wa taifa, kikazungushwa ofisi hadi ofisi.

Walimu walileta mitihani ya moko hapo. Shule zilikuwa bado zinatumia mashine ya kudurufu kwa stenseli, na wapiga chapa waligundua kwamba ukiitoa utepe wa wino kwenye printa ya doti, vipini vyake hutoboa stenseli safi kuliko taipu. Hebu fikiria hilo: teknolojia ya karne ya 20 ikilisha teknolojia ya karne ya 19, kwa ajili ya mtihani wa Jiografia wa shule ya sekondari. Huo ni ubunifu. Hauna hataza, hauna jina la mtu, haukutokea kwenye jalada la jarida. Makumbusho yanayoanza na Altair hayana rafu ya kuuweka.

Halafu zikaja mashine za kizazi cha "ex-UK", Pentium zilizostaafu katika ofisi za Ulaya zikapakiwa kwenye makontena. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilizikarabati nyingi na kuzipeleka shuleni. Aliyesoma katika shule ya eneo hili wakati huo atakumbuka jambo moja kabla ya kukumbuka kompyuta yenyewe: viatu. Uliviacha mlangoni. Chumba cha kompyuta kilikuwa na kapeti, madirisha yenye vyuma na pazia zito, na mwalimu aliamini, kwa haki kabisa, kwamba vumbi jekundu la hapa ni adui wa mashine. Wanafunzi watatu au wanne kwa kibodi moja, mmoja akichapa na wengine wakimwelekeza. Makumbusho yakiionyesha Pentium hiyo juu ya kibao cheupe chini ya taa, bila mkeka, bila safu ya viatu, bila viti vinne mbele yake, yatakuwa yameionyesha kwa uongo.

Nisikilize kwenye jambo la fundi, maana hapa ndipo ninapoachana kabisa na kanuni za wakusanyaji. Kwao, mashine yenye vipande vyake vyote vya asili ndiyo yenye thamani, na kila kilichobadilishwa ni dosari. Chukua bodi za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dunia nzima ilipata mkumbo wa kapasita mbovu: zilivimba kichwani, zikavuja, mashine ikawa inazimika yenyewe. Katika nchi tajiri, bodi ilitupwa. Hapa, fundi wa chumba kimoja alizing'oa kapasita moja moja kwa chuma cha kulehemu, akaweka nyingine zilizotolewa kwenye televisheni au kwenye pawasaplai ya mashine iliyokufa, mara nyingine zikiwa ndefu mno hata akazilaza ubavu. Mashine ikaishi miaka mingine mingi katika saiba. Kwa mkusanyaji, bodi hiyo imeharibiwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo bodi ya kuwekwa kwenye kioo, igeuzwe chini juu ili mgeni aione risasi ya fundi kwa macho yake, na fundi mwenyewe aombwe aeleze kwa sauti yake alivyofanya. Kama pana nafasi ya mashine moja tu, iwe hiyo. Iliyo safi kabisa, ambayo haikuguswa na mtu, ipewe nafasi ya mwisho.

Kuna wanaosema, sawa, lakini watalii watakuja kuona nini? Nyeri ina jibu. Makumbusho ya Nyeri yamo katika jengo la zamani la mahakama ya Waafrika, na thamani yake ni kwamba mambo yanayosimuliwa humo yalitendeka pale pale. Nyumba ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, iitwayo Paxtu, kwenye hoteli ya Outspan, hupokea maskauti kutoka mbali kwa sababu aliishi ndani yake hadi alipofariki Januari 1941. Mgeni hasafiri kuja kuona nakala ya kitu alichokiacha kwao. Mmarekani anayetaka kuiona Apple ya kwanza haji Kerugoya. Akija, atataka kuona kompyuta iliyolipa kahawa anayokunywa kwao, na kahawa ya Kirinyaga inajulikana kwa jina katika maduka ya wapenda kahawa duniani.

Tena kuna suala la pesa, na hapa sihitaji maneno mengi. Mwaka 2014 kompyuta moja ya Apple I, kati ya takriban 200 zilizotengenezwa, ilinunuliwa kwenye mnada wa Bonhams na makumbusho ya Henry Ford kwa dola 905,000. Kwa kiwango cha wakati huo hizo ni shilingi milioni 80. Nani atathubutu kuzitaja mbele ya bunge la kaunti?

Hoja yao nyingine naiheshimu zaidi. Wanasema mtoto asipoiona Altair au IBM PC, hatajua kompyuta ilitoka wapi, na akikua hatathubutu kuvumbua. Ubao wenye picha na maelezo mazuri unatosha kwa kazi hiyo, na uwekwe. Ila ujasiri wa kuvumbua hauamshwi na sanduku la kijivu lililotoka mbali, na leo hatuhitaji kwenda mbali kuutafuta. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inafanya kazi ya chipu za silikoni. Hofu yangu ni kwamba watu wenye nia njema watajenga maonyesho yanayoruka kutoka Altair mpaka kiwanda hicho cha Nyeri, kana kwamba kati ya hayo mawili mlima huu ulikuwa umelala. Haukulala. Katikati kuna makarani, wapiga chapa, walimu na mafundi, na bila wao wanafunzi wa chuo hicho wasingekuwa na kibodi ya kujifunzia.

Na tusichague ushindi peke yake. Mwaka 2009 serikali ilizindua Madaraka PC, kompyuta ya kuunganishwa hapa nchini kwa bei ya mwananchi, lakini haikuenea. Mwaka 2016 tableti za mradi wa kidijitali zilianza kugawiwa shule za msingi, na kuna zilizoishia kufungiwa kabatini. Zitafutwe zote mbili, ziwekwe kando ya mashine zilizofanikiwa. Iwekwe pia, kama itapatikana, kompyuta ya msaada iliyofika shuleni kabla ya nguzo za umeme, ikakaa ndani ya katoni lake miaka na miaka. Katoni hilo lisifunguliwe. Linaeleza sera ya elimu kuliko hotuba yoyote ya uzinduzi.

Yote haya yanawezekana kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la makumbusho. Sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 inaruhusu mali iliyochakaa kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, hata bila malipo, badala ya kupigwa mnada. Kwa hiyo shule, hospitali au ofisi ya serikali inayotaka kuondoa kompyuta zake kuukuu inaweza kuzikabidhi kwa makumbusho ya kaunti au kwa chuo kikuu cha umma, na Chuo Kikuu cha Kirinyaga kiko Kutus, kilomita chache tu. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kusema, "Hii tusiuze."

Namwomba kila mwenye ufunguo wa stoo kuanzia Sagana hadi Kianyaga afanye mambo yafuatayo kabla mnunuzi wa vyuma hajafika. Kama mashine ni ya zamani, ya kizazi cha 286, 386 au 486, ifungue na utazame kwenye bodi: ukiona pipa dogo la betri lililolehemiwa, likate na ulitoe leo hii, kwa sababu huvuja na kuila bodi hata mashine ikiwa imezimwa. Zile zenye betri bapa kama sarafu zinaweza kungoja. Diski usiifute, wala usimpe mtu. Ina majina, namba na madeni ya wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayalinda. Ifungie. Kitambaa cha kufunika usikifue. Kisha chukua karatasi, andika ni nani aliyeitumia mashine hiyo, kwa kazi gani, na mwaka gani ilinyamaza, uibandike ubavuni. Wengi wa waliozitumia bado wako hai na wanaishi humu humu mjini. Waulizeni sasa.